Sura ya Saba: Kibanio cha Kidoleni

Mwaka 1947 watafiti wawili wa Marekani, Julius Comroe na Stella Botelho, walifanya jaribio lililoyavua macho ya madaktari heshima yake. Waliwavutisha watu wenye afya njema hewa yenye oksijeni pungufu, huku waangalizi zaidi ya mia moja wakikodolea macho midomo na kucha zao. Kila mwangalizi alitakiwa aseme ni wakati gani rangi ya samawati, ile dalili ya damu iliyokosa oksijeni, imeanza kujitokeza. Wengi hawakuiona mpaka oksijeni ya damu ilipokwisha kushuka hadi karibu asilimia 80. Mtu mwenye afya anayeishi pwani huwa na 95 hadi 100. Aliyefika 80 alistahili kusaidiwa zamani.

Kwa mgonjwa mwenye ngozi nyeusi kazi ni ngumu zaidi, ndiyo maana wanafunzi wa uuguzi hufundishwa kumtazama ulimi na upande wa ndani wa midomo. Dalili nyingine za uhai hazina usiri huo. Mapigo ya moyo yanahesabika kwa vidole na saa, pumzi kwa kutazama kifua kinavyopanda na kushuka, joto kwa kipimajoto, presha kwa mkanda wa mkononi. Lakini oksijeni ya damu, kwa miaka mingi, haikuwa na njia ya kuaminika ila kuchoma sindano kwenye ateri na kupeleka damu maabara. Majibu yanaporudi, mgonjwa wa dharura ameshakuwa mtu mwingine.

Leo dalili hiyo inasomwa na kibanio kidogo chenye taa nyekundu, ambacho wauguzi wengi wanakiita oksimita. Kinavaliwa kwenye gari la wagonjwa, mapokezi ya dharura, chumba cha upasuaji na chumba cha wagonjwa mahututi. Vifaa vya kuvaa vilivyokuja baadaye, vya kubandika kifuani, vya kufunga kifundoni na hata saa za mkononi, vingi vimeazima maarifa yake. Anayekielewa kibanio hiki, uwezo wake na upofu wake, ameelewa sehemu kubwa ya kundi zima.

Kelele iliyobeba habari

Wazo la kupima damu kwa mwanga ni la zamani. Mwaka 1935, huko Ujerumani, Karl Matthes alikwisha kuunda kifaa cha kubana sikioni kilichotumia rangi mbili za mwanga. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Mmarekani Glenn Millikan alikiboresha kwa ajili ya marubani waliokuwa wakizimia angani kwa kukosa oksijeni, na ndiye aliyekipa jina la oksimita. Shida ilikuwa kwamba mwanga unaopita sikioni unakutana na ngozi, nyama, damu ya vena na damu ya ateri kwa pamoja, nao madaktari wanaitaka habari ya ateri peke yake. Ili kuitenga, ilibidi sikio lipashwe moto, libanwe mpaka damu itoke, kisha kifaa kirekebishwe upya kwa kila anayepimwa. Miaka ya 1970 kampuni ya Hewlett-Packard ilileta mtambo wa rangi nane za mwanga. Ulikuwa sahihi, lakini mzito na wa bei kubwa, ukabaki kwenye maabara za utafiti.

Aliyekata fundo hilo ni mhandisi wa Kijapani, Takuo Aoyagi wa kampuni ya Nihon Kohden, naye alikuwa akitafuta kitu kingine kabisa. Alitaka kujua moyo unasukuma damu kiasi gani. Njia yake ilikuwa kudunga rangi kwenye vena, kisha kutumia mwanga sikioni kufuatilia jinsi rangi hiyo inavyopungua katika damu. Mchoro wake ukawa unaharibiwa na viwimbi vidogo, kimoja kwa kila pigo la moyo. Aoyagi akaongeza mwanga wa pili ili auondoe usumbufu huo kwa hesabu. Ikafanya kazi, ila kila oksijeni ya anayepimwa ilipobadilika, hesabu ilivurugika na viwimbi vikarudi.

Hapo ndipo alipong'amua. Kinachopiga kwa kufuata moyo ni damu ya ateri tu. Ngozi haipigi, nyama haipigi, na damu ya vena haipigi kwa kiasi cha kuhesabika. Kwa hiyo mtu akiacha mwanga wote uliotulia na kukamata ule unaochezacheza peke yake, ameitenga damu ya ateri bila moto, bila kubana, bila sindano. Kile alichokuwa akihangaika kukifuta ndicho kilichobeba habari. Nihon Kohden iliwasilisha ombi la hataza mwezi Machi 1974, na mwezi uliofuata Aoyagi akaeleza ugunduzi wake kwenye mkutano wa wanataaluma nchini Japani. Daktari wa upasuaji Susumu Nakajima akajaribu kifaa chake kwa wagonjwa. Kampuni nyingine ya Kijapani, Minolta, iliyokuwa ikifuata wazo hilohilo, ikalihamishia kwenye ncha ya kidole mwaka 1977.

Utendaji wa kibanio ni mwepesi kuufuata. Hemoglobini, kibebaji cha oksijeni ndani ya damu, hubadilika rangi kulingana na mzigo wake. Isiyo na oksijeni humeza zaidi mwanga mwekundu, wenye urefu wa wimbi wa nanometa 660 hivi. Iliyobeba oksijeni humeza zaidi mwanga wa infraredi, karibu nanometa 940, ambao jicho halioni. Upande mmoja wa kibanio kuna vitaa viwili vinavyowaka na kuzima kwa zamu, mara nyingi kwa sekunde; upande wa pili kuna kipokezi kinachopima mwanga uliobaki baada ya kupenya kidole. Kutokana na uwiano wa viwimbi vya mianga hiyo miwili, kompyuta hutoa asilimia.

Sauti inayoshuka

Nchini Marekani, mtaalamu wa dawa za usingizi William New alishiriki kuanzisha kampuni ya Nellcor mwaka 1981, na oksimita yao ya N-100 ikaingia vyumba vya upasuaji miaka miwili baadaye. Ilikuwa na jambo moja la busara: kila pigo la moyo lilitoa mlio, na oksijeni iliposhuka mlio nao ulishuka. Mtaalamu wa usingizi aliweza kushughulika na bomba la kupumulia huku akisikia hali ya mgonjwa bila kugeuza shingo. Kabla ya hapo mrija uliokosea njia na kuingia tumboni badala ya mapafuni ungeweza kugunduliwa rangi ya damu ilipobadilika kwenye jeraha. Kufikia 1990 chama cha wataalamu wa usingizi cha Marekani kilikuwa kimeifanya oksimita sharti la kila upasuaji.

Kwetu kifaa kilichelewa. Shirika la Afya Duniani lilipotunga orodha ya usalama wa upasuaji mwaka 2008, iliyojaribiwa katika hospitali za miji minane ikiwemo Ifakara mkoani Morogoro, kulikuwa na swali moja kabla ya mgonjwa kulazwa usingizi: je, oksimita imevalishwa na inafanya kazi? Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2009 yalionyesha vifo baada ya upasuaji katika hospitali hizo vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Sifa si ya kibanio peke yake, kwa sababu orodha ilikuwa na mambo mengi, pamoja na kuwalazimisha watu wa chumba kimoja wazungumze. Lakini swali lile lilifichua pengo. Mwaka 2010 watafiti walikadiria katika jarida la Lancet kwamba vyumba vya upasuaji zaidi ya 77,000 duniani havikuwa na oksimita, na hali ilikuwa mbaya zaidi Afrika kusini mwa Sahara. Mwaka uliofuata ikaanzishwa asasi ya Lifebox, ikiongozwa na daktari wa upasuaji Atul Gawande, kwa ajili ya kusambaza oksimita imara za bei nafuu na kufundisha namna ya kuzitumia.

Halafu ikaja korona. Madaktari walikutana na wagonjwa walioketi, wakizungumza, wakichezea simu, na kumbe oksijeni yao iko chini ya 80. Kibanio kikatoka hospitalini, kikaingia maduka ya dawa na majumbani. Katikati ya wimbi la kwanza, tarehe 18 Aprili 2020, Takuo Aoyagi alifariki dunia akiwa na umri wa miaka 84.

Kilifundishwa kwa vidole vya nani

Hapa kuna jambo ambalo wauzaji hawalitangulizi. Oksimita haipimi oksijeni. Inapima uwiano wa mianga miwili, kisha inatazama jedwali lililowekwa ndani yake kuona uwiano huo unalingana na asilimia gani. Jedwali linatengenezwa kwa kuwachukua watu wa kujitolea wenye afya, kuwapunguzia oksijeni taratibu hadi karibu asilimia 70, na kulinganisha mwanga wa kidoleni na damu iliyochotwa kwenye ateri. Chini ya 70 hakuna anayethubutu kuwashusha watu wazima na akili zao, kwa hiyo namba za huko chini ni za kukisia.

Sasa, watu wale wa kujitolea walikuwa nani? Kwa sehemu kubwa, watu wenye ngozi nyeupe. Melanini, inayoipa ngozi weusi wake, nayo humeza mwanga, na haimezi mwekundu na infraredi kwa kiwango sawa. Kanuni ya Aoyagi ilitarajiwa kuliondoa tatizo hilo, maana ngozi haipigi. Inaliondoa kwa kiasi kikubwa, lakini si lote.

Dalili zilikuwapo mapema. Mwaka 1990 Amal Jubran na Martin Tobin walichunguza wagonjwa waliokuwa kwenye mashine za kupumulia, wakaona kwamba lengo la asilimia 92, lililowatosha wagonjwa weupe, halikuwatosha weusi. Kwao walishauri 95. Mwaka 2005 watafiti wa San Francisco walionyesha kwamba kadiri oksijeni inavyoshuka ndivyo oksimita zinavyozidi kumpandishia namba mwenye ngozi nyeusi. Tafiti hizo zilisomwa na wachache, zikawekwa kabatini.

Aliyelitoa jambo hilo kabatini hakuwa daktari. Agosti 2020 mwanaanthropolojia Amy Moran-Thomas wa chuo cha MIT aliandika makala kuhusu upendeleo uliojificha ndani ya kibanio. Madaktari wa Chuo Kikuu cha Michigan, wakiongozwa na Michael Sjoding, wakarudi kwenye kumbukumbu zao wakatafuta wagonjwa ambao kidole kilisema 92 hadi 96 ilhali damu ya ateri ilisema chini ya 88. Kwa wagonjwa weupe hilo lilitokea katika asilimia 3.6 ya vipimo. Kwa weusi, asilimia 11.7. Walichapisha Desemba mwaka huohuo, na tofauti hiyo ya zaidi ya mara tatu ikawa habari ya dunia.

Tafsiri yake kitandani ni nzito kuliko asilimia. Ikiwa mwongozo wa hospitali unasema oksijeni itolewe chini ya namba fulani, basi mgonjwa ambaye kifaa kinampandishia anarudishwa nyumbani, au anasubiri kwenye benchi, huku mwenzake mwenye hali ileile akipewa kitanda. Masharti ya Marekani ya mwaka 2013 yaliridhika na majaribio ya watu kumi, wawili kati yao wakiwa weusi. Januari 2025 mamlaka ya dawa ya nchi hiyo ilitoa rasimu inayotaka washiriki 150 au zaidi, wakigawanywa kwa kipimo cha rangi kumi za ngozi kilichobuniwa na mwanasosholojia Ellis Monk. Rasimu si sheria, na vibanio vya zamani vinaendelea kuwaka kwenye vidole vya watu kila siku.

Hilo halimaanishi kwamba mgonjwa wa Dodoma au Mombasa ni afadhali asipimwe. Kibanio chenye makosa kinaona mengi kuliko jicho, na mwenendo wa namba, kwamba asubuhi ilikuwa 97 na sasa ni 93, unaaminika zaidi kuliko namba moja iliyosimama peke yake. Maana yake ni kwamba kwa mgonjwa mweusi, 93 ni namba ya kutiliwa shaka, hasa kama anahema haraka.

Mitego mingine

Ngozi si mtego pekee. Wa kwanza ni wa jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Moshi wa mkaa, na hata mkaa usiotoa moshi wa kuonekana, una kaboni monoksaidi, gesi inayoikamata hemoglobini na kuifukuza oksijeni. Kwa bahati mbaya, hemoglobini iliyokamatwa hivyo inafanana na iliyobeba oksijeni machoni pa mianga miwili ya kibanio. Mtu analetwa hospitali hana fahamu, kidole kinasoma 99, ilhali ubongo wake unakosa hewa. Hapa kinachookoa ni swali la muuguzi kwa waliomleta: mlimkuta wapi, na palikuwa na jiko?

Wa pili ni upungufu wa damu. Kibanio kinaeleza ni sehemu gani ya hemoglobini iliyopo imebeba oksijeni. Hakisemi hemoglobini yenyewe ni kiasi gani. Ni kama kuhesabu viti vilivyojaa kwenye daladala bila kuuliza daladala ngapi zimeingia barabarani. Mtoto mwenye malaria kali aliyepoteza damu nyingi anaweza kusoma 98 na bado mwili wake ukawa na njaa ya oksijeni. Viganja vyake vyeupe na moyo unaokimbia vinasema ukweli ambao skrini haina uwezo wa kuusema.

Wa tatu ni kidole chenyewe. Mgonjwa aliyetokwa na damu nyingi, au mwenye maambukizi makali yaliyoshusha presha, mwili wake huondoa damu mikononi na miguuni ili kulinda moyo na ubongo. Kidole kinakuwa baridi, kiwimbi kinafifia, na kibanio kinaanza kutoa namba za kubahatisha au kukaa kimya. Yaani kinadhoofika kwa mgonjwa anayekihitaji zaidi. Ndiyo sababu oksimita nzuri huonyesha mchoro wa mapigo pamoja na namba, na muuguzi mzoefu hutazama mchoro kwanza. Pasipo kiwimbi kinacholingana na mapigo ya moyo, asilimia iliyoandikwa haina thamani.

Mtego wa nne ni wa mapambo. Rangi nzito za kucha zinaweza kuzuia mwanga. Hina ya kawaida, ile nyekundu, haina shida kubwa, lakini nyeusi, mfano wa piko wanayopakwa maharusi wa pwani, inaweza kukifanya kifaa kishindwe kabisa kusoma. Dawa yake ni rahisi: tumia ndewe ya sikio.

Kutoka kidoleni hadi mwili mzima

Kizazi kipya kinataka kumvika mgonjwa vipimo vyote bila nyaya. Shida ya nyaya inaonekana zaidi kwa watoto njiti, ambao ngozi yao nyororo huchubuka gundi inapobanduliwa, na ambao mama hawezi kuwaweka kifuani bila kugombana na kamba. Mwaka 2019 timu ya John Rogers wa Chuo Kikuu cha Northwestern, karibu na Chicago, ilieleza vibandiko viwili vyembamba, kimoja kifuani na kingine mguuni, vinavyotuma mapigo, pumzi, joto na oksijeni bila waya. Kampuni ya Neopenda ilibuni neoGuard, kifaa kinachofungwa kwenye paji la uso la mtoto mchanga, kikilenga hospitali kama za Uganda, ambako muuguzi mmoja anaweza kuwa na watoto wengi kuliko anavyoweza kuwazungukia. Jijini Nairobi, watafiti wa Chuo Kikuu cha Aga Khan wamepima usahihi wa vifaa vya aina hii kwa watoto wachanga wa hapohapo. Hilo la mwisho lina uzito wa pekee: kifaa kinajaribiwa kwenye ngozi na wodi ambazo kitakwenda kuhudumia.

Lakini kifaa kinachopima bila kupumzika kinalia bila kupumzika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulihesabu kengele za vyumba vitano vya wagonjwa mahututi katika hospitali moja ya San Francisco kwa siku 31. Zilipita milioni mbili na nusu. Zilizotoa sauti zilifika 187 kwa kila kitanda kwa siku, na za mdundo mbaya wa moyo zilizochunguzwa, karibu tisa kati ya kumi zilikuwa za uongo. Binadamu anayesikia hivyo huacha kusikia. Wauguzi hupunguza sauti, huzima, huzoea. Kama hilo linatokea ambako muuguzi mmoja ana wagonjwa wawili, fikiria wodi ambako mmoja ana thelathini na kila kitanda kimewekewa kibandiko.

Nani anajibu namba

Funzo zuri zaidi nililolipata katika mada hii halikutoka kwenye kampuni ya vifaa. Lilitoka Muhimbili, Dar es Salaam. Katika chumba cha wagonjwa mahututi cha hospitali hiyo, watafiti wa Tanzania na Sweden waliweka utaratibu mwepesi: dalili moja ya uhai ikivuka mpaka uliowekwa, muuguzi anajua hatua ya kuchukua hapohapo. Oksijeni imeshuka, toa oksijeni. Presha imeshuka, anzisha maji ya mishipani. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Vifo havikupungua kwa kila kundi la wagonjwa, lakini vilipungua kwa waliopokelewa wakiwa na presha ya chini. Kilichoongezwa kilikuwa hasa makubaliano kuhusu nani afanye nini namba inapobadilika.

Mwaka 2025 uchunguzi mkubwa wa wagonjwa karibu 20,000 katika hospitali 180 za nchi 22 za Afrika uliongeza uzito. Mgonjwa mmoja kati ya wanane alikuwa mahututi, na karibu saba kati ya kumi wa hao hawakuwa katika vyumba vya wagonjwa mahututi. Walikuwa wodi za kawaida, na zaidi ya nusu ya mahututi wote hawakuwa wakipata huduma za msingi walizohitaji, kama oksijeni au maji ya mishipani.

Ndiyo maana hospitali inapoletewa vifaa vipya vya kuvaa, kwa kununua au kwa msaada, bei iwe swali la mwisho. La kwanza: vilijaribiwa kwa watu wenye ngozi kama ya wagonjwa wetu, na matokeo yako wapi? La pili: kengele ikilia saa tisa usiku, nani yuko zamu, na ameruhusiwa kufanya nini kabla daktari hajafika? La tatu: mtungi wa oksijeni una kitu ndani? Muuzaji anaweza kujibu la kwanza tu. Mawili yaliyobaki ni ya mganga mfawidhi na mamlaka zilizo juu yake, na yasipopata majibu, namba itaonyesha kwa usahihi mkubwa mtu anavyokufa.